Kaya Moja Isiyo na Joto

Mji wa Kilvarna ulikuwa unaongoza kwa kila kitu mpaka pale Sorcha Devaney alipofungua jedwali la mwisho.

Ukumbi wa parokia ulikuwa umejaa jioni ile. Sorcha, binti mpole mwenye miwani aliyetumwa na halmashauri ya kaunti, alikuja na projekta na takwimu za sensa ili kulinganisha hali ya maisha katika miji miwili, Kilvarna yetu na Drumleesh. Mji mmoja kati ya hiyo miwili ungejengewa bwawa la kuogelea, la ndani, lenye maji ya moto. Baina ya Kilvarna na Drumleesh kuna barabara fupi tu na uhasama wa mpira wa magongo ambao hakuna aliye hai anayekumbuka ulianzaje. Kwa hiyo watu hawakuja kusikiliza takwimu. Walikuja kusikiliza matokeo ya mechi.

Na mechi ilikuwa inakwenda vizuri. Waliosoma chuo kikuu: Kilvarna juu. Kaya zenye magari mawili: Kilvarna juu. Intaneti, umeme wa jua, nyumba zenye vyumba vingi: juu, juu, juu. Kila jedwali lilipotua ukutani makofi yalipigwa. Drumleesh ilipoonekana kuwa na watu wengi zaidi waliosema afya zao ni mbaya sana, mtu mmoja nyuma alipiga mluzi.

"Hata afya hawana!" akapaza sauti. "Bwawa la nini? Wapeni hospitali!"

Sorcha alisubiri kicheko kiishe. "Hili la mwisho ndilo wizara inaloliangalia kwanza," akasema. "Mahitaji ya msingi. Mji utakaopata bwawa usiwe na kaya hata moja inayokosa maji, choo, au mfumo wa kupasha nyumba joto."

Maji: sifuri kwa sifuri. Choo: sifuri kwa sifuri. Joto: Drumleesh sifuri, Kilvarna moja.

"Moja?" Colman Prendiville, dalali wa nyumba na mwenyekiti wa kamati ya mji, alisimama kama mtu aliyeambiwa ameonekana na chawa. "Moja ndiyo nani?"

"Siwezi kusema, Bwana Prendiville. Hata mimi sijui. Takwimu za sensa hazimtaji mtu. Ni siri kabisa."

"Naam, naam. Siri ni siri," akasema Prendiville.

Hapo vichwa vyote ukumbini vikageuka, taratibu na kwa adabu, kumtazama Malachy Loughnane aliyeketi karibu na dirisha pamoja na mkewe Attracta. Malachy aliinua uso akaanza kuikagua dari. Attracta alifungua mkoba wake akatafuta, kwa bidii kubwa, kitu ambacho hakikuwamo.

*

Kesho yake jikoni kwa akina Loughnane, Mtaa wa Kinu, kulikuwa na joto la kutosha kuumua mkate. Jiko lenyewe lilikuwa la chuma, jeusi, zito kama fahali, na lilikula mboji: ile mboji ya kinamasini inayowaka kama kuni ikikauka, ambayo Malachy, mstaafu wa kazi za barabara, aliikata kwa mikono yake kila kiangazi kwenye kipande alichoachiwa na baba yake, akaianika, akairundika nyuma ya nyumba. Ilimgharimu maumivu ya kiuno na si zaidi.

Kama ilivyo kawaida ya miezi ya baridi, wageni walikwisha kufika. Dympna Scully, mjane wa nyumba ya pili, alikuwa kwenye kiti ambacho watu wote walikiita cha kwake. Jarlath Kinnane, kapera aliyestaafu posta, alikuwa amenyoosha miguu mbele ya jiko na soksi zake zilikuwa zinafuka mvuke.

"Eti moja isiyo na joto!" Dympna akasema huku akipaka siagi kwenye kipande chake cha mkate. "Mungu anisamehe, nilitaka kucheka. Nilijizuia kwa ajili ya padri."

"Ungecheka tu," Malachy akasema. "Wenzako walicheka."

"Na wewe nawe, Malachy! Kwa nini hukuandika mfumo wa mafuta? Mimi niliandika mafuta."

"Kwani wewe una mafuta?"

"Nina tangi."

"Tangi lina mafuta?"

"Mbona unakuwa kama polisi? Waliuliza mfumo, sikuulizwa mafuta. Mfumo ninao. Rejeta sita za joto ukutani. Moja naanikia soksi, moja nimeiegemezea baiskeli ya marehemu."

Jarlath alicheka mpaka akakohoa. "Za kwangu niliziwasha alipokuja dada kutoka Boston. Akasema zinatoa harufu ya vumbi, zinamuumiza kichwa. Nikazizima pale pale. Nikamshukuru Mungu kwa kichwa cha dada."

Walikuwa bado wanacheka mlango ulipofunguliwa, akaingia Gráinne, binti pekee wa nyumba ile. Alikuwa amerudi kwa wazazi mwaka uliopita, baada ya mwenye nyumba aliyompangisha kule Galway kuiuza, na sasa aliuza dawa kwenye duka la dawa la hapo uwanja wa mji. Hakuvua koti.

"Hongereni," akasema. "Tumekuwa maarufu. Mama mmoja kaja kununua dawa ya kikohozi, ananishika mkono: 'Pole, Gráinne.' Namuuliza pole ya nini. 'Pole tu, mwanangu. Jikazeni.'"

"Mwambie hatujambo," akasema Attracta.

"Baba, umetuandikisha ufukara serikalini!"

"Waliuliza tuna mfumo gani wa joto," Malachy akasema. "Mabomba hatuna, mtambo hatuna. Palikuwa na sehemu imeandikwa 'hakuna', nikaweka alama. Ulitaka nimdanganye nani, serikali?"

"Kila mtu anaidanganya serikali!"

"Basi mimi nimeipumzisha kidogo."

Jarlath alitaka kucheka tena, akautazama uso wa Gráinne, akaacha.

"Nyinyi mnacheka kwa sababu mko hapa," Gráinne akasema. "Hapa jikoni ni Hispania, jua tupu. Njooni mlale chumbani kwangu juu. Asubuhi nakwangua barafu dirishani, kwa ndani. Nalala na kofia na glavu kama askari wa zamu. Nina miaka thelathini na nne, Mama. Siwezi kumleta rafiki nyumbani nikamwambia avae glavu."

Attracta alimmiminia bintiye chai, akaongeza maziwa, akaisukuma mbele yake. Gráinne aliinywa akiwa amesimama.

*

Huruma ya Kilvarna iliwasili Jumatatu. Attracta alifungua mlango asubuhi akakuta mablanketi matatu yamekunjwa vizuri kizingitini, na juu yake chupa za mpira za kutilia maji ya moto. Jumanne zilikuja chupa nyingine. Kufikia Ijumaa walikuwa na chupa nyingi kuliko miguu ya kupasha. Chama cha hisani cha parokia kilileta mfuko wa nguo, na ndani yake Attracta aliikuta sweta ya kijani aliyoifuma yeye mwenyewe, akaitoa kwa chama hicho hicho mwaka juzi, wakati maskini walipokuwa watu wengine.

Kwa muuza nyama alinunua kipande kidogo cha nguruwe cha kuchemshia kabichi, kama kila wiki. Muuza nyama, ambaye hakuwahi kumpa mtu mfupa bure tangu afungue duka, alimfungia mifupa mitatu.

"Ya supu, Attracta," akanong'ona kwa sauti iliyofika mpaka nje kwenye foleni. "Usiseme asante. Sisi ni watu wamoja."

"Sikuomba mifupa, Fergal."

"Najua. Ndivyo inavyouma zaidi."

Jumapili Padri Canice aliwaombea wagonjwa, wasafiri, na "familia moja ya parokia yetu, ambayo hatutaitaja, inayokabiliana na majira ya baridi." Vichwa viligeuka tena. Safari hii Malachy hakutazama dari. Alisimama katikati ya sala, akatoka nje, akamngojea mkewe kwenye mvua.

"Wanatuombea kama meli iliyozama," akasema walipokuwa wakitembea kurudi.

"Wana nia njema."

"Ndiyo inayoniudhi. Wangekuwa na nia mbaya ningejua la kufanya."

*

Colman Prendiville alikuja mwenyewe, na keki ya matunda aliyooka mkewe. Alikaribishwa jikoni, kwa kuwa sebuleni hapakukalika kwa baridi. Alianza kuzungumzia tatizo la baridi katika nyumba ile, na kabla hajafika mbali akavua koti. Alipofika kwenye ruzuku ya serikali akalegeza tai. Alipofika kwenye bwawa akatoa kitambaa akajifuta jasho.

"Hamtatoa hata senti," akasema. "Ruzuku italipa sehemu kubwa, kamati itachangisha iliyobaki. Mtambo wa kisasa wa umeme utakaa nje ukutani. Rejeta kila chumba, mpaka kwa Gráinne huko juu. Krismasi mnakula bata mzinga mmevaa fulana."

"Unatoka jasho, Colman," Malachy akasema.

"Nimetembea haraka."

"Gari lako liko mlangoni."

Prendiville alicheka kidogo. "Mzee Malachy, mimi najua hapa jikoni pako sawa. Nakuheshimu. Lakini sensa haina safu ya jikoni. Ina mfumo au hakuna. Kwa ajili ya hiyo 'hakuna' yako, bwawa linakwenda Drumleesh. Drumleesh! Watoto wetu wakaogelee kwa wale?"

"Watoto wetu hawajui kuogelea."

"Ndiyo maana tunataka bwawa!"

Malachy akamwangalia mkewe, na mkewe alikuwa anamwangalia mgeni. "Na hili jiko?" akauliza Attracta.

"Ah. Hilo litabidi liondoke. Ni masharti ya ruzuku, si yangu. Na dohani itazibwa, joto lisipotelee juu. Lakini usihofu, nitalihifadhi mwenyewe."

"Basi jibu ni hapana," akasema Malachy. "Asante kwa keki."

"Jibu ni ndiyo," akasema Gráinne kutoka ngazini. Alikuwa amesimama pale muda wote, na ile kofia yake kichwani.

Waligombana baada ya mgeni kuondoka, na keki haikuguswa. Malachy alisema jiko likitoka na yeye anatoka. Gráinne alisema basi atoke, kwa kuwa yeye mwenyewe hana pa kwenda, kodi ya chumba kimoja Galway inameza mshahara wake wote na kutafuna kilichobaki. Attracta aliosha vyombo vilivyokuwa tayari visafi. Alikuwa anawaza ile sweta ya kijani, na mifupa, na binti yake akikwangua barafu juu ya kichwa chake huku yeye chini ananyoosha miguu kwenye joto pamoja na majirani.

"Tutie hizo rejeta," akasema mwisho. "Nimechoka kuombewa."

*

Mafundi walikuja wiki mbili kabla ya Krismasi. Wanaume wanne walilitoa jiko la chuma kwa magogo ya kuviringisha, wakapasua sehemu ya fremu ya mlango, wakaomba radhi. Malachy, ambaye hakuwa ametoka kama alivyoapa, alisimama uani akawapa maelekezo ambayo hawakuyahitaji. Prendiville kweli alilihifadhi. Alilisugua, akalipaka rangi, akalifunga katika nyumba yake ya kupangisha watalii kando ya ziwa, na kwenye tangazo akaandika kwamba wageni wataonja maisha halisi ya Ireland.

Mwandishi wa gazeti la kaunti alimpiga picha Attracta akiwa ameweka kiganja juu ya rejeta mpya. Alimwomba atabasamu kama mtu aliyekuwa na baridi.

"Nimeolewa kwenye nyumba hii miaka arobaini na sijawahi kusikia baridi jikoni," Attracta akamwambia.

"Vizuri sana. Usiuondoe mkono."

Na lazima isemwe, kwa kuwa ilitokea, kwamba wiki za kwanza zilikuwa tamu. Gráinne aliamka asubuhi moja akakuta dirisha lake kavu. Alishuka ngazi bila viatu, akamkumbatia baba yake kwa nyuma, naye Malachy akakubali kwamba chooni, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alikaa akasoma gazeti lote. Krismasi walikula bata mzinga, na ingawa hakuna aliyevaa fulana, hakuna aliyevaa kofia pia.

Lakini mtambo ule ulikuwa unakula umeme, na umeme wa akina Loughnane ulikuwa wa mita ya tokeni. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe ya zamani, yenye upepo kila pembe, na joto lililoingia kwa mtambo lilitoka kwa madirisha. Zamani Attracta alinunua tokeni akaisahau. Sasa alikwenda dukani kabla ya wiki kufika katikati, halafu akaenda tena.

"Umesharudi?" msichana wa kaunta alimuuliza bila ubaya. "Mnaoga mchana na usiku?"

"Tunapika," akajibu Attracta, na waliokuwa nyuma yake wakatazama magazeti.

Januari walianza kuwasha kwa saa chache za jioni. Kisha wakawasha chumba cha Gráinne peke yake. Kisha Gráinne, ambaye alikuwa akichangia nusu ya tokeni kimyakimya, alishuka asubuhi moja na kofia yake kichwani, akakaa mezani. Baba yake alimkatia mkate. Hilo lilikuwa jambo jema zaidi walilofanyiana majira yale yote.

Dympna na Jarlath walikuja jioni mbili tatu kwa mazoea. Walikaa na makoti, wakiutazama ukuta uliokuwa na jiko, ambako sasa palikuwa na rejeta nyeupe na picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu.

"Kuna joto," Dympna akasema, mikono kwapani.

"Nikuwashie zaidi?" Attracta akauliza, akaanza kuinuka.

"Usiwashe! Nakuapia, shoga, mimi nasikia hari. Kwanza nilikuwa naondoka."

Baada ya hapo hawakuja tena. Unaweza kukaa kwenye joto la mboji la jirani msimu mzima bila kuona haya, kwa sababu liko pale hata usipokuwapo. Joto la tokeni unalisikia likihesabu. Kwa hiyo kila mmoja alibaki nyumbani kwake na mfumo wake. Mboji ya Malachy, rundo lote la kiangazi, ilikaa nyuma ya nyumba ikinyeshewa.

*

Ukaguzi wa halmashauri wa kuhakiki takwimu zile ulikuwa Februari. Usiku wa kuamkia siku hiyo barafu ilishika barabara yote, na asubuhi Prendiville alipitia kwa akina Loughnane akiwa na karatasi ya tokeni ya euro hamsini.

"Zawadi ya kamati," akasema. "Washa sasa hivi, vyumba vyote. Binti wa halmashauri asije akakuta nyumba imepoa bahati mbaya."

"Haijapoa bahati mbaya," Malachy akasema. Alikuwa na kikohozi kilichomkaa kifuani tangu mwanzo wa mwaka. "Imepoa makusudi."

Lakini waliwasha, na Sorcha Devaney alipoingia miwani yake ilifunga ukungu. Aliivua, akaifuta, akacheka. Alikuwa amepita nyumba nyingi asubuhi ile na hii ndiyo ya kwanza iliyomfanya alegeze skafu.

"Hongera, Mama," akamwambia Attracta. "Nitauliza maswali yale yale ya sensa, hayachukui muda. Je, kaya hii ina mfumo wa kupasha joto?"

"Upo."

Sorcha akabonyeza kishikwambi chake. "Wa umeme?"

"Wa umeme. Lakini binti yangu, nikwambie kitu. Upo, ila—"

Prendiville, aliyesimama mlangoni, akakohoa. Malachy naye akakohoa, ila cha kwake kilikuwa cha kweli, kikaendelea mpaka Sorcha akainua uso.

"Ila nini, Mama?"

"Ila hatuuwashi. Leo umewashwa kwa ajili yako."

Sorcha alimtazama, akatazama kishikwambi, akapitisha kidole juu na chini kana kwamba anatafuta mlango. Hakuwa mtu mbaya. Uso wake ulionyesha kwamba ameelewa vizuri sana.

"Hapa pana 'upo' na 'hakuna' tu," akasema kwa sauti ya chini. "Nikiandika 'hakuna' nitakuwa nimedanganya. Mtambo nauona."

"Ni kweli. Unauona."

"Nitamwambia mkuu wangu. Ana kwa ana."

"Mwambie," akasema Attracta, akamwekea chai.

Sorcha kweli alimwambia mkuu wake. Mkuu alisema ni jambo la kusikitisha na kwamba lingefaa kutazamwa katika sensa ijayo. Wiki mbili baadaye barua ilisomwa ukumbini: joto, Kilvarna sifuri, Drumleesh sifuri, na kwa kuwa katika mengine yote Kilvarna ilikuwa juu, bwawa lilikuwa letu.

Tulisherehekea kama tumetwaa kombe la magongo. Ngoma zilipigwa, magari yalizunguka yakipiga honi, na vijana waliwasha moto mkubwa katikati ya uwanja, wa mbao na matairi. Prendiville alipanda juu ya kreti akasema kwamba katika mji huu hakuna mtu hata mmoja aliyeachwa kwenye baridi. Watu walishangilia, wakaimba, wakaanza kurudi makwao. Waliouota moto ule mpaka ukawa majivu walikuwa wachache, wengi wao wa Mtaa wa Kinu, na watu waliwasifu kwa uzalendo.

*

Majira ya baridi yaliyofuata daktari alimwambia Attracta kwamba kifua cha mumewe hakitaki nyumba yenye unyevu. Alimwandikia dawa, na kuhusu unyevu hakuandika kitu.

Attracta alikuwa na kadi ya wazee ya kusafiri bure, na asubuhi moja alipanda basi bila kujua anakwenda wapi, kwa sababu tu basi lilikuwa na joto. Basi lilikuwa la Drumleesh. Huko alishuka, akaona maktaba, akaingia. Ilikuwa maktaba ya halmashauri, yenye zulia, taa nzuri, na rejeta ambazo tokeni zake zinalipwa na kaunti. Kwenye kiti cha pembeni alikaa Dympna Scully na kitabu kikubwa cha matrekta mapajani.

Walitazamana.

"Nafanya utafiti," Dympna akasema.

"Wa matrekta?"

"Kaa chini, Attracta, usinipigie kelele. Jarlath yuko kule kwenye ramani. Tunakuja tangu Oktoba. Tulitaka kukwambia, tukaona labda nyinyi kwenu mnawasha."

Attracta alikaa. Alianza kucheka bila sauti, mabega yakimtikisika, na Dympna akamshika mkono, naye akaanza. Mwenye maktaba aliwatazama juu ya miwani, akaacha waendelee. Kila mwisho wa mwezi alipeleka kaunti idadi ya waliofika, na idadi ilikuwa imepanda sana hata akaahidiwa masofa mapya kwa kuwa watu wa Drumleesh, ilivyoonekana, walikuwa wameanza kupenda vitabu.

Kumpeleka Malachy kulichukua majuma kadhaa. Alikuwa amecheza magongo dhidi ya Drumleesh ujana wake wote, na alisema afadhali afe nyumbani kwake kuliko kupona kwao. Attracta alimwambia vizuri, basi afe, lakini kwanza aje amsaidie kubeba vitabu. Siku alipokubali alivaa tai.

Alipoingia alinyooka kama anayeingia mahakamani. Kiti kilichobaki kilikuwa kimoja, kando ya rejeta kubwa, karibu na mzee wa hapo hapo mwenye pua iliyovunjika zamani na gazeti la jana. Mzee alimkagua kuanzia viatu.

"Wewe si wa huku," akasema.

"Kilvarna," Malachy akajibu, tayari kwa lolote.

"Kilvarna! Nyie wa bwawa." Mzee akakunja gazeti. "Nilisoma. Eti kila nyumba kwenu ina joto."

"Kila nyumba," Malachy akasema, kidevu juu. "Bila kubakiza hata moja. Imo kwenye takwimu."

"Basi huku umefuata nini?"

Malachy alifungua kinywa. Kikohozi kilimwahi, kikamkunja, na mzee yule alingoja mpaka kiishe. Kisha akasogeza fimbo yake, akakivuta kile kiti karibu zaidi na rejeta, akakipiga vumbi kwa kiganja.

"Kaa, ndugu," akasema. "Na sisi huku kila nyumba inalo. Mimi niko hapa tangu wanafungua."